MFICHA UCHI HAZAI
Namna ya kuisoma karatasi ya damu ya homoni ya kiume, kabla ya kukubali sindano

Juma hili ukurasa wetu wa afya ya nyumbani unagusa jambo ambalo wanaume wengi hulinong'ona na wanawake wengi hulinyamazia. Ni jambo la mwanamume anayeona nguvu zake zimepungua, akapimwa damu, akapewa karatasi yenye nambari na herufi asizozielewa, kisha mtu wa dukani akamwambia kwamba dawa yake ni sindano. Tumelichagua kwa sababu sindano hiyo, ikichomwa bila mpango, yaweza kumwondolea mtu uwezo wa kuzaa, hali yeye alikwenda kuutafuta. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Basi na tulifunue jambo hili kwa heshima, baba na mama wakisoma pamoja.

HOMONI HIYO NI NINI

Mwananchi wa Masinya, au wa mahali popote pa Busia na Tororo, hahitaji daktari wa kumfundisha kwamba korodani zina kazi zaidi ya kutoa mbegu. Yeye anamjua maksai. Dume lililohasiwa hunenepa, hupoa hasira, hukubali nira na kulima shamba, wala halipandi tena. Wafugaji wameyajua hayo tangu zamani za kale, lakini sababu yake ilianza kuonekana mwaka 1849, pale mtaalamu wa Kijerumani, Arnold Berthold wa mji wa Göttingen, alipowahasi majogoo. Aliona upanga wa kichwani unanywea na kuwika kunakoma. Alipoirudisha korodani ndani ya tumbo la jogoo, mahali pasipokuwa pake, jogoo yule akawika tena na kupigana kama zamani. Hapo ikadhihirika kwamba korodani hutoa kitu kinachosafiri katika damu.

Kitu hicho kilitengwa na kupewa jina la testosteroni mwaka 1935, na jopo la Ernst Laqueur huko Amsterdam, kutoka katika korodani za mafahali. Mwaka ule ule Adolf Butenandt na Leopold Ruzicka, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha namna ya kuitengeneza kiwandani. Ndiyo inayompa kijana sauti nzito na ndevu, inayojenga misuli na mifupa, inayosaidia kutengeneza chembe nyekundu za damu, na inayochochea hamu ya tendo la ndoa.

Kwa askari, njia nyepesi ya kuelewa kazi yake ni kuilinganisha na safu ya amri. Makao makuu yamo ndani ya ubongo. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya maharage, iitwayo pituitari. Huyo ndiye kamanda. Kamanda hutoa amri mbili zinazopita katika damu, na katika karatasi ya maabara zimeandikwa kwa herufi LH na FSH. Amri ya LH huziambia korodani zitengeneze testosteroni. Amri ya FSH husaidia kutengeneza mbegu. Korodani ndizo askari wa kazi. Kazi ikifanyika vizuri, habari hurudi juu, na kamanda hupunguza sauti. Kazi ikizorota, kamanda hupaza sauti. Msomaji aliyeshika mfano huu ameshika nusu ya somo letu, na tutaurudia.

DALILI KWANZA, KARATASI BAADAYE

Kosa la kwanza ni kupima damu kabla ya kuuliza mwili unasema nini. Zipo dalili zinazoelekeza moja kwa moja kwenye upungufu wa homoni hii: hamu ya unyumba kupotea kwa miezi, uume kutosimama wenyewe alfajiri kama ilivyo desturi ya mwanamume mwenye afya, ndevu na nywele za mwili kupungua, matiti kukua, korodani kunywea, kukosa mtoto, na mifupa kuvunjika kwa jambo dogo.

Zipo nyingine ambazo humdanganya mtu: uchovu, huzuni, usahaulifu, kulala hovyo, misuli kulegea. Hizi zaweza kutokana na upungufu wa homoni, lakini zaweza pia kutokana na malaria isiyopona sawasawa, upungufu wa damu, kisukari, kifua kikuu, pombe, au mawazo ya karo za shule. Mwenye uchovu peke yake asiharakishe kuilaumu korodani.

Yafaa pia ieleweke kwamba uume kushindwa kusimama, hali hamu ipo, mara nyingi si kosa la testosteroni. Mara nyingi ni mishipa ya damu iliyoharibiwa na kisukari, shinikizo la damu au sigara. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo huonyesha ubovu mapema. Mwanamume wa miaka 45 aliyepatwa na jambo hilo na akaenda kupimwa sukari na shinikizo la damu, huenda ameokoa moyo wake.

SAA YA KUTOA DAMU

Natutunge mfano kwa ajili ya mafunzo. Koplo mmoja wa umri wa miaka 41 anakaa Masinya na mke wake na watoto wawili, nao wanatamani wa tatu. Kwa miezi mitatu amekuwa katika lindo la usiku. Juma lililopita aliugua malaria. Hamu imepungua, amechoka, na mkewe amemshauri apimwe. Anakwenda mjini saa tisa alasiri, baada ya kula ugali na samaki, na damu inachukuliwa. Jibu linasema testosteroni ni 245. Pembeni imeandikwa kwamba kiwango cha chini ni 264. Mtu wa dukani anatazama, anatikisa kichwa, anasema, "Afande, umekwisha, chukua sindano."

Je, afande amekwisha? Hata kidogo. Tuhesabu makosa yaliyomo katika kipimo hicho kimoja.

Kwanza, saa. Testosteroni hupanda usiku mtu alalapo, hufika juu asubuhi, na hushuka mchana. Kwa mwanamume kijana damu ya alasiri yaweza kuwa chini kwa robo nzima kuliko ya asubuhi. Kwa hiyo damu hutolewa kati ya saa moja na saa nne asubuhi. Askari wa lindo la usiku, ambaye mchana ndio usiku wake, amweleze mhudumu wa afya zamu zake, na ikiwezekana apimwe baada ya siku kadhaa za kulala usiku kama watu wengine.

Pili, chakula. Sukari ikiingia katika damu, testosteroni hushuka kwa muda. Damu itolewe kabla ya kufungua kinywa.

Tatu, ugonjwa. Mwili unaopigana na homa huiweka kando kazi ya uzazi, kama nyumba iliyovamiwa isivyofikiria kupaka chokaa. Usipime hadi upone na urudiwe na nguvu.

Nne, usingizi. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha habari za vijana kumi wenye afya waliolala saa tano tu kila usiku kwa muda wa juma moja. Testosteroni yao ya mchana ilipungua kwa asilimia 10 hadi 15. Na katika mafunzo ya Ranger ya jeshi la Marekani, ambako askari hukaa majuma kadhaa kwa chakula kidogo na usingizi haba, wataalamu waliona testosteroni ya vijana shupavu ikishuka kukaribia ile ya mtu aliyehasiwa. Walipolishwa vizuri ikapanda tena upesi. Dawa yao ilikuwa sahani ya chakula na kitanda.

Tano, idadi. Kipimo kimoja si ushahidi. Kati ya wanaume 100 ambao kipimo chao cha kwanza kilikuwa chini, hadi 30 huonekana wapo sawa wanapopimwa tena. Ndiyo maana mwongozo wa Chama cha Homoni cha Marekani wa mwaka 2018 unasema mtu asitajwe kuwa na upungufu ila awe na dalili, na vipimo viwili vya asubuhi tofauti, kabla ya kula, viwe vimeshuka vyote.

Koplo wetu akilala, akipona, akarudi kupimwa saa mbili asubuhi akiwa hajala, haitakuwa ajabu akiambiwa 390. Mtu ni yule yule, damu ni ile ile, bali mara hii ameulizwa kwa wakati unaofaa.

SHILINGI IPI?

Wakazi wa mpakani wamezoea jambo moja ambalo mtu wa mbali hulisahau. Ukiambiwa "kitu hiki ni mia tano", swali la kwanza ni: shilingi ya Uganda au ya Kenya? Nambari bila jina la fedha si bei. Karatasi ya homoni ni hivyo hivyo.

Testosteroni huandikwa kwa vipimo vitatu. Maabara nyingine huandika nanogramu katika desilita moja, kwa alama ng/dL. Nyingine huandika nanogramu katika mililita, ng/mL. Nyingine huandika nanomoli katika lita, nmol/L. Sasa tazama: 300 ya kwanza, 3.0 ya pili na 10.4 ya tatu ni kitu kimoja, kama noti tatu za nchi tatu zenye thamani sawa. Mtu aliyepimwa Busia ya Uganda akaambiwa 3.9, kisha akapimwa Busia ya Kenya akaambiwa 13.5, asishangilie kwamba ameongezeka mara tatu. Hajaongezeka chochote. Ukitaka kubadilisha nmol/L kuwa ng/dL, zidisha kwa 28.8. Ukitaka kubadilisha ng/mL kuwa ng/dL, zidisha kwa 100.

Baada ya kujua kipimo, tazama mipaka iliyoandikwa pembeni. Maabara hutofautiana, kwa hiyo nambari yako isomwe kwa mipaka ya karatasi yako, wala si ya jirani. Kwa vijana wasio wanene, wa miaka 19 hadi 39, wataalamu waliounganisha vipimo vya Marekani na Ulaya mwaka 2017 walipata mipaka ya 264 hadi 916 ng/dL. Uwanja huo ni mpana. Mwenye 350 si nusu mwanamume mbele ya mwenye 700, kama vile mtu mfupi si mgonjwa mbele ya mrefu. Tena homoni hii hupungua polepole kadiri miaka inavyosonga, wala kuzeeka si ugonjwa.

Lipo jambo jingine la kutazama. Sehemu kubwa ya testosteroni katika damu imebebwa na protini, na mbebaji mkuu ameandikwa kwa herufi SHBG. Ni kama sehemu 2 tu katika 100 zilizo huru kabisa. Kwa mtu mnene au mwenye kisukari, wabebaji huwa wachache, hivyo jumla huonekana ndogo hali ile iliyo huru inatosha. Kwa mzee, kwa mwenye ini bovu, na kwa wengi wanaoishi na virusi vya Ukimwi, wabebaji huwa wengi, hivyo jumla yaweza kuonekana nzuri hali iliyo huru ni haba. Kwa hiyo nambari ikiwa karibu na mpaka, daktari huagiza SHBG ili ahesabu ile iliyo huru.

NANI MWENYE KOSA, KAMANDA AU ASKARI?

Tuseme sasa vipimo viwili vya asubuhi vyote viko chini, na dalili zipo. Bado si wakati wa sindano. Sasa ndipo tunarudi kwenye safu ya amri, tutazame LH na FSH.

Ikiwa testosteroni ni ndogo na LH na FSH ziko juu, maana yake kamanda anapiga kelele na askari hawawezi. Kosa lipo kwenye korodani zenyewe. Huenda kijana aliugua matubwitubwi baada ya kubalehe yakashuka korodanini. Huenda aliumia, au korodani hazikushuka utotoni, au alizaliwa na kromosomu ya ziada, au alitibiwa saratani.

Ikiwa testosteroni ni ndogo, na LH na FSH nazo ni ndogo, au ziko katikati kana kwamba hakuna shida, maana yake kamanda amelala. Askari wapo, lakini hawajaamriwa. Hapa sababu ni nyingi, na nyingine zinaondoka. Unene ni mojawapo, na kisukari, na ugonjwa mrefu, na njaa, na virusi vya Ukimwi visivyotibiwa. Dawa nazo zimo: vidonge vikali vya maumivu vya jamii ya afyuni vikitumiwa muda mrefu, na prednisoloni au deksamethasoni ambazo watu hununua kwa ajili ya pumu, viungo, au kunenepa tu. Mara chache huwa ni uvimbe wa pituitari yenyewe. Kwa hiyo daktari huagiza pia kipimo cha prolaktini na cha madini ya chuma. Mwenye kuumwa kichwa daima na kuona vibaya pembeni, au maziwa yakamtoka mwanamume kifuani, asikae nyumbani hata siku moja.

Msomaji ataona faida ya swali hili. Wanaume wawili wanaweza kuwa na nambari moja ya 180. Mmoja korodani zake zimekufa, naye atahitaji homoni maisha yake yote. Mwingine anahitaji kuacha vidonge fulani, kupunguza tumbo na kulala. Aliyesoma mstari mmoja wa karatasi angewachoma wote wawili sindano ile ile.

SINDANO NA UZAZI

Hapa ndipo penye uzito wa makala hii, nasi tunaomba kila mume na mke wapasome mara mbili.

Testosteroni ikiingizwa kutoka nje, kamanda huona damu imejaa, hudhani askari wake wanafanya kazi barabara, naye hunyamaza. LH hushuka, FSH hushuka. Korodani zisizoamriwa huacha kutengeneza mbegu na huanza kunywea. Mwanamume aweza kuwa na hamu tele na misuli minene, na manii yake yasiwe na mbegu hata moja.

Shirika la Afya Ulimwenguni liliitumia hali hiyo kwa makusudi. Katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1990, uliofanyika katika nchi saba, wanaume walichomwa miligramu 200 za testosteroni kila juma ili kuona kama yafaa kuwa njia ya mwanamume ya kupanga uzazi. Zaidi ya nusu yao walibaki bila mbegu kabisa, nao waliofikia hali hiyo walizuia mimba vizuri sana. Sasa fikiri, ndugu msomaji: sindano iliyojaribiwa kuwa kizuizi cha mimba ndiyo anayouziwa koplo wetu anayetaka mtoto wa tatu. Miezi itapita, mkewe hatashika mimba, na huenda lawama zikamwangukia yeye mwanamke.

Anayeacha sindano, kwa kawaida kamanda huamka tena. Wengi hurudiwa na mbegu ndani ya mwaka mmoja au miwili, lakini wengine hukawia zaidi, hasa waliotumia miaka mingi au kwa vipimo vikubwa vya watunisha misuli. Kwa hiyo mwanamume anayetaka mtoto sasa, au karibuni, asianze testosteroni. Ikiwa kosa lipo kwa kamanda, mtaalamu ana dawa nyingine za kuzizindua korodani, kama klomifeni au sindano zinazofanya kazi ya LH na FSH. Ziko dawa, kinachotakiwa ni kusema mapema chumbani mwa daktari, "Bado tunataka kuzaa." Maneno hayo machache yanabadilisha tiba yote.

NJIA ZA TIBA

Njia ya kwanza ni kuondoa sababu. Mnene apunguze uzito, mwenye kisukari atibiwe, mwenye virusi vya Ukimwi ameze dawa zake bila kuruka, mlevi aache waragi, asiyelala alale. Mtu akoromaye na kukatika pumzi usingizini aseme hivyo hospitali. Tiba hii haina matangazo barabarani, lakini ndiyo inayowafaa wengi.

Njia ya pili ni kutibu tatizo la uume peke yake pale homoni zilipo sawa. Vidonge vya jamii ya sildenafili hufungua mishipa, haviongezi homoni. Mwenye kumeza dawa za moyo za jamii ya naitreti asiviguse kamwe, maana shinikizo lake laweza kuanguka ghafla akafa.

Njia ya tatu ni testosteroni yenyewe, kwa yule aliyethibitishwa upungufu na asiyehitaji mtoto karibuni. Zipo sindano za juma moja au mawili, ambazo humpandisha mtu siku za kwanza na kumshusha kabla ya nyingine. Ipo sindano ya muda mrefu, ya kila majuma 10 hadi 14 baada ya zile za mwanzo. Ipo mafuta mazito ya kupaka ngozini kila siku. Mwenye kupaka anawe mikono na kuifunika ngozi hiyo kwa nguo, kwa sababu mtoto anayebebwa kifuani aweza kuinyonya kwa ngozi yake na kuota nywele za utu uzima kabla ya wakati.

Wasianze kabisa wenye saratani ya tezi dume au ya titi, waliopatwa na mshtuko wa moyo au kiharusi katika miezi sita iliyopita, wenye moyo ulioshindwa kazi bila kudhibitiwa, na wenye damu nzito. Kabla ya kuanza hupimwa damu nzito kwa kipimo cha hematokriti, na kwa mwanamume wa makamo hujadiliwa tezi dume na kipimo kiandikwacho PSA. Baada ya miezi mitatu hadi sita hupimwa tena, kisha kila mwaka. Hematokriti ikipita asilimia 54, dawa husimamishwa, maana damu inakuwa kama uji mzito, nayo yaweza kuganda.

Mtu ategemee faida gani? Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016, juu ya wanaume 790 wa miaka 65 na zaidi waliokuwa na kiwango cha chini, ulionyesha hamu na tendo la ndoa viliongezeka kwa kiasi, na moyo ukachangamka kidogo, lakini uchovu haukuondoka kwa namna ya maana. Mwaka 2023 ukachapishwa utafiti mkubwa wa wanaume zaidi ya 5,000 waliokuwa na ugonjwa wa moyo au hatari yake. Mshtuko wa moyo na kiharusi havikuzidi kwa waliotumia testosteroni, lakini mapigo ya moyo yasiyo na mpango, madonge ya damu mapafuni na madhara ya figo yaliwapata zaidi. Basi dawa hii si sumu wala si maji ya ujana. Ni dawa.

MIZIZI NA CHUPA

Hatuwezi kupita bila kuutaja mzizi ambao Waluhya huuita mukombero na Waganda mulondo, unaouzwa vifungu vifungu na kutafunwa pande zote mbili za mpaka. Nao ni wa zamani, una harufu nzuri, na watu hawakuanza kuutafuna leo. Mwaka 2005 Maud Kamatenesi-Mugisha na Hannington Oryem-Origa wa Chuo Kikuu cha Makerere walichapisha orodha ya mimea itumiwayo na waganga wa magharibi mwa Uganda kwa ajili ya nguvu za kiume. Kazi hiyo ni ya heshima. Lakini kujua mti unatumiwa si sawa na kujua unaponya, na majaribio mengi ya mulondo yamefanywa kwa panya. Anayetafuna kwa starehe atafune. Mwenye upungufu uliothibitishwa asiuweke badala ya tiba.

Chupa zisizo na anwani ni jambo jingine. Mamlaka ya Taifa ya Dawa ya Uganda imekwisha kuonya kwamba baadhi ya dawa zinazoitwa za miti shamba zilikutwa zimetiwa sildenafili kwa siri. Mwenye ugonjwa wa moyo anayekunywa chupa hiyo hajui kwamba anachanganya dawa mbili zinazouana, na wao wanaomuuzia hawamwambii.

NAMBARI BILA MTU

Yupo Mganda mmoja ambaye habari zake zafaa kukumbukwa kila karatasi ya homoni inapofunguliwa. Annet Negesa, mkimbiaji wa mita 800, alizuiwa kushiriki Olimpiki ya London ya mwaka 2012 kwa sababu testosteroni katika damu yake ilikuwa juu ya kiwango kilichowekwa kwa wanariadha wa kike. Hakuwa mgonjwa, alikuwa akikimbia kwa kasi. Mwezi Novemba mwaka huo alifanyiwa upasuaji mjini Kampala. Mwaka 2019 alieleza hadharani kwamba hakufafanuliwa sawasawa atakachofanyiwa, kwamba hakupewa homoni za kufidia, na kwamba tangu hapo aliandamwa na maumivu ya kichwa na viungo. Shirikisho la riadha la kimataifa lilikana kuhusika na upasuaji huo. Kisa chake ni cha homoni iliyozidi mpaka, nacho chetu ni cha iliyopungua, lakini funzo ni moja: nambari ilisomwa, mtu hakusomwa.

YA KUKATA NA KUWEKA

Mama wa nyumba aweza kuikata sehemu hii na kuiweka ndani ya kitabu cha kliniki.

1. Je, zipo dalili za homoni, au ni uchovu tu?
2. Je, damu ilitolewa asubuhi, kabla ya kula, mtu akiwa mzima na amelala?
3. Je, imepimwa mara mbili, siku tofauti?
4. Je, nambari imeandikwa kwa ng/dL, ng/mL au nmol/L, na mipaka ya maabara hiyo ni ipi?
5. Je, LH na FSH zinasema kosa ni la kamanda au la askari?
6. Je, ipo dawa, pombe au ugonjwa unaoweza kuwa sababu?
7. Je, tunataka mtoto mwingine?
8. Je, hematokriti imepimwa, na tarehe ya kurudi imeandikwa?

Kipimo hiki hakipatikani katika kila kituo, na mara nyingi damu husafirishwa. Hata hivyo safari yaanzia karibu. Kutoka Masinya mtu aanze kwa kituo cha afya kilicho jirani, apimwe sukari, shinikizo la damu na wingi wa damu. Kisha aandikiwe kwenda Hospitali ya Masafu au ya Tororo, na kutoka huko, ikilazimu, Hospitali ya Rufaa ya Mbale. Askari na polisi wamwone kwanza mganga wa kikosi. Kila aendapo achukue karatasi zake zote za zamani, asizitupe.

Nanyi wake zetu, mkimwona baba ananyamaza usiku na kukasirika mchana, msimcheke wala msimshuku kabla ya kumuuliza. Nanyi waume, msimwache mwanamke abebe peke yake lawama ya kukosa mtoto hali hamjapimwa. Kwenda kliniki wawili hakumpunguzii mtu uanaume.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza namna ya kupima shinikizo la damu nyumbani bila kudanganywa na kifaa.